Jokofu Kuukuu na Baridi ya Kipupwe: Kubadili Vifaa vya Kuhifadhia Chanjo Murusagamba

Katika vilima vya Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, kipupwe huleta mchana mkavu wenye jua kali na usiku wa baridi unaomlazimisha mtu kujifunika blanketi la pili. Murusagamba, upande wa mpaka wa Burundi, ni sehemu ya vilima hivyo. Mhudumu wa afya aliyehamishiwa huko kutoka Pwani huweza kudhani kwamba amepata nafuu: chanjo huharibiwa na joto, na huku hakuna joto la Dar es Salaam. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba chanjo nyingi zinazotolewa leo huharibiwa upesi zaidi na barafu kuliko joto, na kwamba jokofu lililozeeka, likiwa mahali penye usiku wa baridi, huzigandisha bila mtu yeyote kujua.

Kwa miongo mingi, vituo vya tiba visivyo na umeme vilitegemea majokofu ya mafuta ya taa au ya gesi. Ni chombo cha ajabu, kwa kuwa huwasha moto ili kupata baridi. Asili yake ni ubunifu wa wanafunzi wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Ndani ya mabomba yaliyozibwa kabisa mna amonia, maji na haidrojeni. Moto mdogo wa utambi au wa mtungi huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji. Mvuke wa amonia hupanda, hupoa na kuwa kimiminika, kisha huvukiza tena ndani ya sanduku na kulinyang'anya joto lake. Hakuna mota wala waya wa umeme. Tanzania ilipoanzisha Mpango wa Taifa wa Chanjo mwaka 1975, sehemu kubwa ya vijiji haikuwa na umeme, na ni vigumu kuona jinsi matone ya polio na sindano ya surua vingefika mbali na makao makuu ya wilaya bila chombo hiki. Si haki kukilaani leo.

Lakini moto hauna akili. Katika jokofu la mafuta ya taa, anayeongoza ubaridi ni muuguzi anayerefusha au kufupisha utambi kwa mkono. Akiuweka kwa kufuata joto la saa nane mchana, moto ule ule hubaki ukiwaka saa tisa usiku, wakati hewa ya nje imepoa na mzigo wa kupoza umepungua. Joto la ndani hushuka kutoka nyuzi 5 hadi sifuri, kisha chini ya sifuri. Asubuhi, mlango unapofunguliwa mara kadhaa kwa ajili ya kliniki, hupanda tena. Muuguzi anayesoma kipimajoto saa mbili na nusu anakuta nyuzi 4 na kuziandika kwenye chati kwa moyo mweupe. Chati ni safi, ilhali chanjo imeshaganda na kuyeyuka usiku.

Uzee huongeza taabu. Masizi hujaa kwenye bomba la moshi na moto hupoteza nguvu. Mpira wa mlango hukakamaa na kupitisha hewa. Sakafu hubonyea na jokofu kulala upande, nalo jokofu la aina hii halifanyi kazi vyema lisiposimama sawasawa. Tena lina njaa: takriban lita moja ya mafuta ya taa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Fedha za mafuta zikichelewa wiki moja, kinachofuata ni safari ya pikipiki kupeleka vichupa vyote kwenye kituo jirani, au kuviacha na kuomba Mungu.

Inafaa kueleza kwa nini barafu ni hatari kiasi hicho. Chanjo zote za kituo cha afya huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Chanjo ya kifua kikuu, ya surua na rubella, na matone ya polio huvumilia kuganda. Hazivumilii joto, na matone ya polio ndiyo dhaifu kuliko zote. Lakini chanjo mseto inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na bakteria wa Hib, pamoja na chanjo ya nimonia, ya pepopunda kwa wajawazito na ya saratani ya mlango wa kizazi, zina chumvi ya alumini inayousaidia mwili kuitikia. Maji yakiganda, chembe za chumvi hiyo hukusanyika kuwa mabonge, na nguvu ya chanjo huvunjika. Kuyeyusha hakuirudishi.

Kibaya zaidi, kibandiko kilicho juu ya kichupa, ambacho kila muuguzi amefundishwa kukitazama, hupima joto tu. Chanjo iliyoganda huwa na kibandiko kizuri kabisa. Kinachoweza kuifichua ni jaribio la kutikisa: kichupa kinachoshukiwa hutikiswa pamoja na kichupa cha toleo lile lile kilichogandishwa kwa makusudi, kisha vyote viwili huachwa vitulie huku vikitazamwa. Kile kinachoshukiwa kikishusha mashapo kwa kasi sawa na kilichogandishwa, au kasi zaidi, kimeharibika. Jaribio hili ni rahisi, ila hufanywa na yule tu aliyeshuku. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa kati ya asilimia 14 na 35 ya majokofu au safari za chanjo zilizochunguzwa duniani ziliziweka chanjo kwenye baridi ya kugandisha. Tatizo hili, basi, si la Ngara peke yake, wala si la nchi maskini peke yake.

Matokeo yake hayana kelele. Mtoto hudungwa sindano, hulia, na mama hurudi nyumbani na kadi iliyojazwa sawasawa. Mara nyingi hakuna jipu wala homa ya kumstua mtu. Kosa huonekana baada ya miezi au miaka, kifaduro kinapoingia katika kaya ambayo kadi zake zote zimekamilika, au mtoto mchanga anapokakamaa kwa pepopunda ilhali mama yake alidungwa wakati wa ujauzito. Wakati huo hakuna anayelikumbuka jokofu. Husemwa kwamba chanjo hazifai, na neno hilo likishaanza kutembea kijijini hutembea haraka kuliko gari la wilaya.

Mahali penyewe huongeza uzito wa jambo. Ngara ni njia ya watu. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu laki mbili waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa takriban saa 24, na baadaye wilaya ikapokea pia wakimbizi wa Burundi. Katika kambi za wakimbizi, surua ni miongoni mwa wauaji wa kwanza wa watoto, na chanjo yake ni miongoni mwa hatua za kwanza. Hata leo, katika siku za amani, kituo cha mpakani hakiwezi kujua kwa hakika ni watoto wangapi watafika mwezi ujao. Akiba yake lazima iwe hai.

Hapo ndipo swali la kubadili vifaa linapoanza, nalo huanza vibaya iwapo linasubiri jokofu lizimike. Kwa kawaida jokofu la chanjo lililozidi miaka kumi huhesabiwa kuwa limefikia umri wa kubadilishwa, hata kama taa yake bado inawaka. Nafasi ya ndani nayo imekuwa finyu. Chanjo mseto ya magonjwa matano iliingia nchini mwaka 2009, za nimonia na kuhara kwa virusi vya rota zikafuata kufikia mwaka 2013, ya surua na rubella mwaka 2014, na mwaka 2018 ile ya saratani ya mlango wa kizazi ikatolewa nchi nzima. Jokofu lililonunuliwa wakati wa chanjo chache sasa hubanwa hadi hewa isipite kati ya vichupa, na vile vinavyogusa ukuta wa nyuma ndivyo huganda kwanza.

Chaguo la jokofu jipya hutegemea swali moja: umeme hupatikana saa ngapi kwa siku? Penye umeme wa uhakika wa saa 8 au zaidi katika kila saa 24, jokofu la umeme lenye ukuta wa barafu ndani yake hutosha, kwa sababu barafu ile hushikilia ubaridi hadi umeme urudi. Chini ya hapo, jibu ni jua. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilitegemea jenereta za dizeli. Sasa wilaya ya Ngara yenyewe ina bwawa la Rusumo lenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo, kuwa na mtambo wilayani si sawa na kuwa na umeme usiokatika katika chumba cha chanjo. Uamuzi hufanywa kwa daftari la kukatika kwa umeme la kituo chenyewe, si kwa kutazama nguzo zilizosimama barabarani.

Jua lenyewe lina historia yenye somo. Majokofu ya sola ya kizazi cha kwanza yalitumia betri. Betri zilidumu miaka mitatu hadi mitano, hakukuwa na fungu la kununua nyingine, na majokofu mazuri yakageuka makabati. Mwaka 2001 mashirika kadhaa, yakiwemo Shirika la Afya Duniani na UNICEF, yalianza kutafuta jokofu la sola lisilo na betri, na kuanzia karibu mwaka 2010 aina hizo zikaanza kuidhinishwa. Paneli huendesha mota moja kwa moja wakati wa jua, na badala ya kuhifadhi umeme, jokofu huhifadhi barafu katika kuta zake. Linapaswa kustahimili angalau siku tatu za mawingu, sifa yenye maana kwa wilaya yenye misimu miwili ya mvua. Yale yenye daraja la juu la kinga dhidi ya kuganda hayahitaji mhudumu kurekebisha chochote ili kichupa kisigande, na hilo pekee linatosha kuhalalisha gharama yake.

Siku ya kubadili huleta haraka isiyofaa. Jokofu jipya huwashwa likiwa tupu, huachwa siku kadhaa hadi barafu yake ijengeke na kipimajoto kitulie, ndipo chanjo zihamishwe. Paneli huwekwa mahali ambapo mwembe hautaleta kivuli miaka mitano ijayo. Na simu za mkononi, radio na taa za nyumba ya mganga haziunganishwi kwenye paneli hizo, isipokuwa jokofu limetengenezwa na kifaa maalumu cha kutoa umeme wa ziada. Ushawishi ni mkubwa, hasa penye foleni ya simu zisizo na chaji. Ndiyo maana jambo hili linafaa kuzungumzwa na kamati ya afya ya kituo mapema, kabla fundi hajashuka kwenye bati.

Kuna dawa nyingine inayodai nafasi ndani ya jokofu hilo, nayo husahaulika kwa sababu si ya chumba cha chanjo. Ni oksitosini, sindano anayopewa mama mara tu baada ya kujifungua ili kuzuia damu kuvuja. Nayo huhitaji nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kabatini wiki kadhaa hupoteza nguvu taratibu, na mkunga huona tumbo la uzazi halikazi licha ya sindano. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza wazi kwamba dawa kama hii inaweza kuhifadhiwa katika majokofu ya chanjo, ikiwekewa alama na kutengwa. Kikwazo mara nyingi ni ufunguo. Jokofu hufungwa, ufunguo huondoka na muuguzi wa chanjo saa tisa na nusu alasiri, na akina mama huendelea kujifungua usiku. Kituo kinachopokea jokofu jipya bila kuamua ufunguo wa pili utakaa wapi kimebadili nusu tu ya kifaa.

Jokofu kuukuu nalo lina mwisho wake. Likiachwa kwenye kona, siku moja litawashwa tena kuhifadhi chanjo za ziada. Liondolewe kwenye chumba cha chanjo siku ile ile, libandikwe alama, na taratibu za kufuta mali ya umma zianze kupitia halmashauri. Lisikatwe na fundi wa vyuma wa mtaani: mabomba yake yana amonia yenye mgandamizo mkubwa, haidrojeni inayoshika moto, na mara nyingi kemikali ya kuzuia kutu yenye kromiamu, ambayo ni sumu.

Kwa mgonjwa na mzazi, haya yote hukutana kwenye dirisha la kliniki. Mzazi akiambiwa kwamba chanjo ya mwezi uliopita inashukiwa kuganda na mtoto arudiwe, asiogope: kurudia dozi hakumdhuru mtoto. Mwenye kisukari anayetunza insulini nyumbani anahusika pia. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8, kilichoanza kutumika huweza kukaa nje ya jokofu mahali pa kivuli kwa takriban wiki nne, na insulini iliyowahi kuganda hutupwa hata ikionekana safi.

Kilichobaki ni kazi ya kila siku ya muuguzi. Karibu na vichupa huwekwa kirekodi joto cha siku 30, kifaa kidogo kinacholia iwapo joto limekaa nyuzi hasi 0.5 au chini kwa dakika 60, au juu ya nyuzi 8 kwa saa 10. Husomwa asubuhi na jioni, pamoja na Jumamosi na Jumapili, na kabla ya kuandika namba ya sasa, msomaji hurudi nyuma kutazama kilichotokea usiku.