Makombora ya Iran: Ukweli ni Upi, Chumvi ni Ipi?

Jioni ya tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga lake, na muda mfupi baadaye makombora ya Iran yalikuwa njiani kuelekea kambi ya Al Udeid inayotumiwa na Marekani. Wakenya, Waganda na Watanzania wengi wanafanya kazi Doha, kwa hiyo habari ile haikuwa ya mbali kwetu. Simu zilijaa video na sauti za kusambazwa. Wengine waliyatukuza makombora hayo kana kwamba hakuna awezaye kuyazuia, wengine waliyabeza kana kwamba ni fataki za sikukuu. Pande zote mbili zinatupotosha, tena katika jambo linaloondoa roho za watu. Tuyapime madai yenyewe.

“Iran ilianza kutafuta makombora ili iipige Israel.”

Si kweli. Aliyeisukuma Iran kwenye njia hiyo ni Saddam Hussein wa Iraq. Vita vya nchi hizo mbili vilianza Septemba 1980. Iran ilikuwa na ndege nzuri za Kimarekani alizonunua mfalme wake, Shah, zikiwemo F-14 zipatazo 79, lakini baada ya mapinduzi ya 1979 Marekani iliacha kuiuzia vipuri. Iraq ikawa inaipiga miji ya Iran kwa makombora ya Scud ya Kisovieti, na Iran haikuwa na cha kujibia cha aina hiyo.

Ilikwenda kuyatafuta Libya. Kundi la vijana wa Jeshi la Walinzi wa Mapinduzi, likiongozwa na Hassan Tehrani Moghaddam, lilipelekwa Syria kujifunza kuyatumia, na Machi 1985 Iran ilifyatua Scud yake ya kwanza kuelekea Kirkuk. Hapo jiografia ilikuwa na neno lake. Baghdad iko karibu na mpaka, hivyo Scud ya kilomita 300 iliifikia bila shida, ilhali Tehran iko mbali. Iraq ikaziongezea Scud zake masafa hadi kilomita 650 hivi, na kati ya Februari na Aprili 1988 makombora hayo yaliyopewa jina la Al-Hussein yaliinyeshea Tehran, Qom na Isfahan. Wakazi wengi wa Tehran waliukimbia mji, wakalala vijijini na milimani. Makamanda walioujenga mradi wa makombora wa Iran ni watu wa kizazi hicho. Asiyeijua miezi hiyo ya 1988 hawezi kuelewa kwa nini Tehran imekataa katakata, mwaka baada ya mwaka, kuyaweka makombora yake kwenye meza ya mazungumzo.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1977, wakati wa Shah, Iran na Israel zilikuwa na mpango wa siri wa kuunda kombora kwa pamoja. Mapinduzi yaliuua kabla haujazaa kitu.

“Hayo ni makombora ya Korea Kaskazini yaliyopakwa rangi.”

Hili lilikuwa kweli, kisha likaacha kuwa kweli. Baada ya Libya, muuzaji mkubwa alikuwa Pyongyang. Shahab-1 na Shahab-2 ni jamaa wa moja kwa moja wa Scud zilizotoka huko. Shahab-3, iliyojaribiwa kwa mara ya kwanza Julai 1998, ilitokana na Nodong ya Korea Kaskazini, na kwa masafa yake ya kilomita 1,300 hivi iliiingiza Iran katika kundi la nchi zenye makombora ya masafa ya kati, yaani yale yanayofika kati ya kilomita 1,000 na 3,000.

Baada ya hapo mafundi wa Iran walianza kwenda kwa miguu yao. Ghadr ililiongezea masafa umbo lilelile. Emad, iliyoonyeshwa Oktoba 2015, ilipewa kichwa chenye mapezi ya kukielekeza kinaposhuka. Hatua kubwa zaidi kwa maoni yangu ni Sejjil, iliyojaribiwa Novemba 2008, kwa sababu ilibadilisha mafuta. Shahab hutumia mafuta ya kimiminika, ambayo kwa kawaida hujazwa kabla ya kufyatua. Shughuli hiyo huchukua muda, na huvuta magari mengi ambayo adui anaweza kuyaona kutoka angani. Sejjil hutumia mafuta magumu yaliyokwisha kushindiliwa ndani, ina hatua mbili, na hufika kama kilomita 2,000. Korea Kaskazini haikuwa na kombora kama hilo wakati huo. Hata hivyo mkono wa Pyongyang haukupotea kabisa: wataalamu wanaiona Khorramshahr, iliyojitokeza mwaka 2017, kuwa na asili ya Musudan ya huko.

Ujuzi huo ulilipiwa kwa damu pia. Tarehe 12 Novemba 2011 mlipuko mkubwa katika kambi iliyo magharibi mwa Tehran ulimuua Tehrani Moghaddam na wenzake 16. Iran ilisema ni ajali.

“Rubani aliye chini huliongoza kombora hadi mwisho.”

Hapana, hivyo huongozwa baadhi ya droni tu. Injini ya kombora la balistiki huwaka dakika moja au mbili tu. Baada ya hapo linakwenda kama jiwe lililorushwa kwa teo: linapaa hadi nje ya angahewa, kisha linashuka kwa kasi kubwa mno. Safari ya kutoka Iran hadi Israel huchukua dakika kumi na kitu, wakati droni huhitaji saa kadhaa. Mapezi ya Emad na wenzake hurekebisha mkao mwishoni tu.

“Hayazuiliki.” “Yote yalizuiwa.”

Nimeyaweka pamoja kwa sababu yote mawili ni uongo. Aprili 2024 Iran ilirusha droni na makombora zaidi ya 300 kuelekea Israel, zaidi ya 100 yakiwa ya balistiki. Mengi sana yalidunguliwa, kwa msaada wa Marekani, Uingereza, Ufaransa na Jordan. Tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo yalirushwa ya balistiki yapatayo 180 au zaidi, bila droni za kuwatahadharisha walinzi saa kadhaa mapema, na picha za setilaiti zilionyesha mashimo katika kambi ya ndege ya Nevatim. Katika vita vya siku 12 vya Juni 2025 yalirushwa zaidi ya 500. Mengi yalizuiwa, lakini kadhaa yalipenya na kuua watu wasiopungua 28 nchini Israel. Upande wa Iran, mashambulizi ya Israel yaliua zaidi ya watu 1,000 kwa takwimu za serikali yake.

Wanaoshangilia wajiulize pia nani aliyepigwa. Mtu aliyeuawa katika shambulio la Oktoba 2024 alikuwa Mpalestina kutoka Gaza, aliyeangukiwa na kipande cha kombora karibu na Yeriko. Juni 2025 kombora liliua wanawake wanne wa familia moja huko Tamra, mji wa Waarabu kaskazini mwa Israel. Kombora halimuulizi mtu kabila wala dini yake.

“Yana vichwa vya nyuklia.”

Uongo. Yote yaliyowahi kurushwa vitani yalibeba vilipuzi vya kawaida. Ila hofu yenyewe haikutoka hewani. Shahab-3 ina nafasi na nguvu za kubeba mzigo mzito, na Novemba 2011 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lilieleza taarifa za kazi iliyofanywa zamani ya kusanifu kichwa kipya cha kombora hilo. Iran ilikanusha na kusema ni nyaraka za kughushi. Hadi katikati ya 2025 ilikuwa na zaidi ya kilo 400 za urani iliyorutubishwa hadi asilimia 60. Kati ya urani hiyo na kichwa kinachoweza kustahimili joto na mtikisiko wa kushuka kutoka nje ya angahewa kuna kazi kubwa ya kihandisi, na anayeruka hatua hiyo anawatisha watu bure.

“Mkataba wa 2015 uliyapiga marufuku.”

Si kweli. Mkataba ule wa nyuklia kati ya Iran na mataifa makubwa haukuyagusa makombora. Azimio 2231 la Baraza la Usalama lililouidhinisha liliitaka tu Iran isijishughulishe na makombora yaliyobuniwa kuweza kubeba nyuklia, kwa lugha laini kuliko azimio la 2010, na kipengele hicho kiliisha muda wake Oktoba 2023. Ulaya na Marekani zilikiona kama katazo, Iran ikakiona kama ombi, na miaka minane ikaishia kwenye ubishi huo.

“Yanaweza kufika Mombasa na Dar es Salaam.”

Hadi Juni 2025 hayakuwa na uwezo huo. Mwaka 2017 kamanda wa Walinzi wa Mapinduzi, Mohammad Ali Jafari, alisema Kiongozi Mkuu ameweka mpaka wa kilomita 2,000. Hata ncha ya kusini kabisa ya Iran iko zaidi ya kilomita 3,500 kutoka Mombasa, na Dar es Salaam ni mbali zaidi. Katika makombora ambayo Iran ilikuwa imeyajaribu na kuyatangaza hadharani hadi Juni 2025, hakuna linalofika pwani yetu.

Walio ndani ya masafa hayo ni ndugu zetu wa Doha, Manama, Dubai na Muscat, na wengi wao hawako hata mbali kiasi cha kuhitaji kombora la masafa ya kati. Siku anga la Ghuba litakapofungwa tena, wapigieni hao kwanza, na ile video isiyo na tarehe wala mahali msiisambaze.