Kuuza mavuno kwa simu: mesaje bado haiko feza



Siku hizi mama wa Masereka anaweza kuuza magunia yake ya viazi vya kizungu akiwa bado shambani, na mununuzi wake ameketi Butembo. Kakao ya Mutwanga na Lume inatafutiwa bei kwa WhatsApp mbele ya kupakiwa kwenda Beni. Feza nayo inarudi kwa njia ile ile, kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Si mambo mapya: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na huku kwetu Kongo Vodacom iliileta mwaka 2012. Lakini tukipita katika vijiji tunaona kwamba wengi wamejua kutuma na kupokea feza kwa simu. Kuuza kwa simu ni kazi ingine.

Tuanze na bei, kwa sababu hapo ndipo simu inasaidia zaidi. Kule Uhindi, katika jimbo la Kerala, rezo ya simu ilifikia wavuvi wa sardini kati ya mwaka 1997 na 2001. Mbele ya hapo, mvuvi alikuwa anafika pwani, anakuta soko limejaa, anatupa samaki, na huku soko la jirani limekosa kabisa. Mtaalamu mmoja wa uchumi, Robert Jensen, alifuata mambo hayo, akatoa matokeo mwaka 2007. Walipoanza kuuliza bei kwa simu wakiwa bado baharini, samaki waliacha kutupwa, faida ya wavuvi ilipanda karibu 8 kwa 100, na mlaji naye akalipa kidogo chini, karibu 4 kwa 100. Hawakuvua samaki zaidi. Walijua tu waende wapi.

Kwetu ni vile vile. Viazi na liki haziwezi kungojea wiki mbili. Kwa hiyo mbele ya kung'oa, piga simu tatu: mtu wa Butembo, mtu wa Beni, na mwenzako wa koperative ya jirani. Usiulize "bei ni ngapi?" tu. Uliza ni bei ya gunia la kilo ngapi, ya kufikisha wapi, na nani analipa gari na taksi za njiani. Bei mbili zinaweza kuonekana tofauti, kumbe moja ni ya shambani na ingine ni ya depo.

Kwa kakao, angalisho. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10.000 kwa tona moja, na kila mtu akaisikia kwa radio. Kiisha mwaka 2025 ikashuka. Bei hiyo ni ya New York na London, haiko ya Bulongo. Ondoa gari, taksi, uzito unaopotea na faida ya kila mtu wa katikati. Yenye kukusaidia ni kujua kama inapanda ao inashuka, usije ukaambiwa bei ya mwezi uliopita. Na tuseme ukweli: mkulima aliyekwisha kula feza ya mununuzi wakati kakao iko bado maua, hata akiwa na simu tatu haina maana. Bei yake ilikwisha kukatwa.

Sasa, mununuzi wa mbali hawezi kugusa mali yako. Kama unamwambia "kakao nzuri", hajui kitu. Mwambie kilo, siku ulizochachusha (tano ao sita), na unyevu, usipite 8 kwa 100. Kahawa ya parche isipite 12. Kama koperative haina mashine ya kupima unyevu, mwambie siku ngapi ilikaa juani. Kwa kakao kuna picha moja yenye nguvu kuliko maneno. Chukua mbegu 50 pa magunia mbalimbali bila kuchagua, zipasue katikati kwa kisu, zipange juu ya ubao, piga picha mchana. Ya rangi ya kahawia imechachuka vizuri, ya rangi ya jivu haikuchachuka. Hesabu zenye ukungu na zenye wadudu, uandike. Wakati mali inafika depo na mununuzi anaanza kusema "hii ni mbaya, napunguza bei", picha ile na tarehe yake ndiyo itakusemea. Tunawaomba msipige picha ya gunia bora peke yake. Mununuzi anadanganywa mara moja tu, kiisha anahama.

Tufike kwa feza yenyewe, ndipo watu wanalia.

Simu zetu za Kongo zina mifuko miwili, ya dola na ya franka. Mesaje inaandika USD ao CDF. Mtu anakuahidi dola 200, mesaje inafika, unaona 200, unafurahi, unapakia magunia. Kumbe ni CDF 200, hata mkate haununui. Soma herufi tatu zile mbele ya kusoma namba.

Ya pili ni mesaje ya uongo. Mtu yeyote anaweza kuandika "Umepokea dola 150" akakutumia kutoka simu yake ya kawaida. Ndiyo maana tunasema mesaje bado haiko feza. Feza ni solde. Ingia wewe mwenyewe katika simu, angalia solde yako, hata kama mununuzi anakuharakisha, hata kama motari amekwisha kuwasha pikipiki. Kama rezo imepotea, mali inabaki. Na yule anayepiga kusema "nimetuma kwako kwa kosa, unirudishie", umwambie apitie kampuni yake ya simu. Usirudishe kitu mbele ya kuangalia solde. Namba ya siri haiombwi na mtu, hata anayesema yuko mtumishi wa kampuni.

Kutoa feza kunalipiwa, na siku ya soko mtu wa kabini anaweza kukosa feza ya kukupa. Hesabu gharama ile ndani ya bei wakati wa kupatana, usiigundue kisha. Tena, kila konto ina kiasi ambacho haiwezi kupita. Kwa gari zima la kakao, Coopec ao benki inafaa zaidi. Hata hivyo, sisi tunaona simu ni bora kuliko kubeba mfuko wa dola kati ya Beni na Kasindi. Mnajua wenyewe ile barabara.

Swali tunaloulizwa kidogo, na lenye kuvunja koperative nyingi: feza ya wote inaingia katika simu ya nani? Mara nyingi ni ya prezida, kwa jina lake, na karte yake ya uchaguzi. Siku akifa, akikimbia vita, ao akikosana na komite, feza imefungwa na jina lake. Ulizeni kampuni ya simu kama inaweza kufungua konto kwa jina la koperative, na karatasi zenu za kuandikishwa. Kama bado, basi simu ikae na kesiye, namba ya siri ijulikane na mwingine, watu wawili wawepo pa kila kutoa, na kila mesaje inakiliwe katika kaye siku ile ile, na tarehe, kilo na jina la mununuzi. Mesaje zinafutika, simu zinaibiwa. Kaye inabaki.

Na pa kulipa wanachama, lipeni namba ya yule aliyeleta mali pa balansi. Kama ni mama aliyeleta kilo 40, ni namba ya mama inayoandikwa katika kaye. Kama hana simu, alipwe mkononi, atie sahihi ao kidole.