P peke yake haitoshi

Dereva anafika, anakanyaga breki, anasukuma mkono wa gia mpaka P, anazima injini. Hendibreki hajaigusa. Akiachia breki ya mguu, gari linarudi nyuma inchi moja mbili, linagonga "ko!" huko chini, kisha linatulia. Kwenye miinuko ya Mwanza, kule Isamilo au Bugando, wenye magari ya otomatiki wengi huuchukulia mlio huo kama dalili kwamba gari limeshika vizuri. Kumbe ni uzito wa gari zima unaangukia kwenye kipande kidogo cha chuma.

Ndani ya gia boksi ya otomatiki kuna gia ya meno ambayo kazi yake ni kuegesha tu. Ukiweka P, kijichuma chenye umbo la kidole kinaingia katikati ya meno hayo na kuizuia shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Hakuna padi wala msuguano hapo. Ukikitegemea hicho peke yake mlimani, gari la zaidi ya tani moja linaning'inia kwenye jino moja, na ndiyo maana asubuhi mkono wa gia unagoma kutoka, na ukitoka unatoka kwa kishindo.

Utaratibu unaolinda gia boksi ni huu: mguu ukiwa kwenye breki, weka N, vuta hendibreki mpaka ishike, kisha achia breki ya mguu taratibu ili uzito wa gari ulalie hendibreki. Gari likitulia, kanyaga breki tena, weka P, zima injini. Sekunde tano zinatosha. Wakati wa kuondoka, toa P kwanza, hendibreki iwe ya mwisho.

Gari la gia za mkono halina P, bali likiachwa kwenye gia hushikwa na injini yenyewe, kwa sababu gurudumu haliwezi kuzunguka bila kuzisukuma pistoni dhidi ya hewa iliyobanwa kwenye silinda. Hapo gia unayochagua ina uzito wake. Kwa magari mengi madogo, ukiwa gia ya kwanza, gurudumu likitaka kuzunguka mara moja lazima liizungushe injini kama mara 14. Ukiwa gia ya tano ni mara 3 au 4 tu. Kwa hiyo gari likitazama juu weka namba moja, likitazama chini weka rivasi, ambayo nguvu yake inakaribiana na ya kwanza. Lakini hewa ile huvuja polepole kando ya pistoni, kwa hiyo hata hapa hendibreki ni lazima.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye pancha. Chukua gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Toyota IST. P inafunga magurudumu hayo kupitia difu, na difu imeundwa kuruhusu gurudumu moja lizunguke tofauti na mwenzake. Ukiinua moja la mbele kwa jeki, lile lililo hewani liko huru kuzunguka kinyume, na lililobaki chini linaweza kubingirika huku mkono wa gia umesimama kwenye P! Kinachokuokoa hapo ni hendibreki, inayoshika magurudumu ya nyuma. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma ni vibaya zaidi: P na hendibreki zote ziko nyuma, na ukiinua gurudumu moja la nyuma umebakiwa na moja tu la kukushikilia.

Matingo wa malori wanalijua hili, na gogo lao la kuzuia tairi halikai mbali. Tafuta sehemu tambarare, vuta hendibreki, weka P au gia, kisha kaza mawe mawili, mbele na nyuma ya tairi lililo mkabala kwa mshazari na lile unalobadilisha. Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini, ndipo upige jeki. Mawe yatoke mwisho kabisa, jeki ikishashushwa, na yasiachwe barabarani: mwenye pikipiki anayepita hapo usiku hatayaona.