Kubana kusiko na kubanua: maneno ya kugeuza DVD kuwa faili

Katika steshenari na vibanda vya kuchoma nyimbo, kuanzia Kakonko hadi Kibondo na Kasulu, kazi ya kutoa video kwenye DVD na kuitia katika flashi au simu aghalabu huitwa kuhamisha. Mteja hufika na diski ya harusi au ya kwaya ya kanisa, akasema, "Naomba unihamishie hii kwenye flashi," na fundi huipokea bila kuuliza zaidi. Neno ni jepesi na linaeleweka, wala hakuna anayeghadhibika akilisikia. Hata hivyo linafunika kazi tatu tofauti chini ya jina moja, na linampa mwenye diski matumaini yasiyokuwamo. Akiamini kwamba video yake imehama yote, huona diski haina kazi tena. Siku ya siku, babu aliyetoa nasaha katika harusi hiyo ameshafariki, diski imeshatupwa, na kilichobaki ni faili dogo ambalo likifunguliwa kwenye televisheni kubwa uso wa mzee unaonekana kama umepakwa rangi kwa brashi pana.

Kuhamisha ni kauli ya kutendesha ya kitenzi kuhama, na anayehama haonekani tena alikotoka. Kambi ya Mtendeli wilayani Kakonko ilipofungwa mwaka 2021, wakimbizi waliohamishiwa Nduta, wilayani Kibondo, hawakubaki Mtendeli. Hiyo ndiyo maana kamili ya kitenzi hiki. Katika DVD hakuna kinachoondoka: diski hutoka dukani ikiwa na kila ilichoingia nacho, na kinachopatikana kwenye flashi ni nakala. Kwa hiyo kitenzi kinachofaa hatua ya kwanza ni kunakili. Mzizi wake wa Kiarabu, n-q-l, hubeba maana mbili, ile ya kuchukua kitu kutoka mahali hadi mahali na ile ya kuandika upya maandishi yaliyokwisha kuandikwa. Kiswahili kilishika zaidi ile ya pili, kikapata na nomino nakala. Fundi asemaye kuhamisha ameirudia ile ya kwanza pasipo kujua.

Kitenzi kurudufu, ambacho wengine hukitamka kudurufu, nacho husikika. Kinafaa pale nakala zinapokuwa nyingi, kama zilivyokuwa karatasi za mitihani katika mashine za stenseli. Anayetaka nakala moja ya harusi yake hana haja ya kurudufu.

Kunakili kwa maana halisi kunawezekana, tena bila programu ya pekee. DVD ikifunguliwa kwenye kompyuta huonyesha folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mna mafaili ya VOB, kila moja likiwa halizidi gigabaiti 1. Ndiyo sababu harusi ya saa mbili huonekana imekatwa vipande vinne au vitano. Folda hiyo ikinakiliwa yote, kilichonakiliwa ni kilekile kilichokuwa kwenye diski, bila upungufu wowote. Tatizo ni ukubwa. Diski ya tabaka moja huchukua gigabaiti 4.7, na ya matabaka mawili gigabaiti 8.5, flashi ya gigabaiti 8 itajaa kwa harusi moja. Vipande vikiunganishwa kuwa faili moja, flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 italikataa, kwa kuwa mfumo huo haupokei faili linalofikia gigabaiti 4. Na simu nyingi haziwezi kucheza VOB hata zikipewa. Hapo ndipo hatua nyingine mbili zinapohitajika, na ndipo lugha inapoanza kuteleza.

Kusimba na kusimbua

Watanzania walizoea neno kisimbuzi kwa lazima. Mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa, kwanza Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, kila mwenye televisheni alihitaji kifaa cha kupokea mawimbi ya kidijitali. Wengine walikiita king'amuzi, wengine kisimbuzi, na majina yote mawili yangali yakitumika. Kisimbuzi kimetokana na kusimbua, nako kusimbua ni kinyume cha kusimba, yaani kuweka habari katika msimbo. Jozi hii imejengwa vizuri, na kwa suala la DVD inatosha kabisa.

Video iliyo kwenye DVD imesimbwa kwa kanuni ya MPEG-2. Simu na kompyuta za leo hupendelea kanuni ya H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, na aghalabu huiweka katika faili la MP4. Hakuna njia ya mkato kutoka kanuni ya kwanza hadi ya pili. Programu kama HandBrake au FFmpeg husimbua MPEG-2 hadi zipatikane picha kamili, fremu 25 kwa kila sekunde kwa diski za mfumo wa PAL unaotumika Afrika Mashariki, kisha huzisimba upya kwa kanuni mpya. Hatua hizo mbili kwa pamoja zinaweza kuitwa kugeuza: "Fundi aligeuza DVD kuwa MP4." Kubadilisha hakufai sana, kwa sababu kwa wasemaji wengi hudokeza kutoa kimoja na kupewa kingine, kama mtu abadilishavyo fedha. Mteja wa Kakonko akiambiwa DVD yake imebadilishwa, ana haki ya kuuliza yake iko wapi.

Tahadhari moja inahitajika. Diski za filamu zinazouzwa na makampuni mara nyingi hufungwa kwa kufuli la kidijitali, na baadhi ya waandishi hutumia kusimbua kwa kulifungua kufuli hilo pia. Ni vitendo viwili tofauti. Kila deki husimbua video ili iweze kuionyesha. Kuvunja kufuli ili kuinakili video ni jambo jingine, na ni afadhali liitwe kwa jina lake, kuvunja kufuli. HandBrake yenyewe haikupewa chombo cha kufanya hivyo. DVD zilizochomwa na wapiga video wa harusi, misiba na kwaya kwa kawaida hazina kufuli, na ndizo zinazozungumziwa hapa.

Pia kuna neno yangu. Anayesema "DVD yangu" husema kweli kuhusu kipande cha plastiki, lakini kazi iliyorekodiwa humo inaweza kuwa ya mwingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hutenga matumizi binafsi ya mtu na biashara ya nakala. Kugeuza diski uliyoinunua ili uitazame nyumbani si sawa na kuwauzia watu hamsini filamu hiyohiyo katika memori kadi, hata kama kitenzi kilichotumika pande zote mbili ni kuhamisha. Huo wa pili ni urudufu, na bila idhini ni uharamia.

Kubana

Neno lenye madhara zaidi ni kubana. Limeenea katika maelezo ya kompyuta kwa maana ya kupunguza ukubwa wa faili, na si neno baya. Shida yake imo katika sarufi ya Kiswahili chenyewe.

Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo kwa kiambishi -u- hurudisha tendo lilikotoka: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, tega, tegua. Baada ya irabu o kiambishi hicho huwa -o-: chomeka flashi, kisha chomoa. Msemaji wa Kiha haoni ugeni wowote hapa, kwa sababu lugha za jamii yake zina kiambishi hicho pia. Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, husema kuboha kwa kufunga kwa kamba, na kubohora kwa kufungua. Kubana nako kuna mwenzake, kubanua. Godoro lililobanwa kwa kamba juu ya baiskeli hurudi unene wake likibanuliwa. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba video yake imebanwa husikia ahadi ambayo hakuna aliyeitamka: siku akitaka, itabanuliwa.

Ahadi hiyo hutimia kwa mafaili ya ZIP. Barua au tasnifu iliyobanwa kwa ZIP hubanuliwa ikarudi herufi kwa herufi, hata nukta isikosekane. Kwa video haitimii. Programu ya kusimba huzitazama fremu zinazofuatana na kutafuta yanayojirudia. Kwaya ikiwa imesimama mbele ya ukuta, ukuta huhifadhiwa mara moja, na kwa fremu zinazofuata huandikwa tu kilichosogea: mikono, midomo, pindo za vitenge. Kisha programu hupima ni tofauti zipi jicho la binadamu haliwezi kuzing'amua kwa urahisi, nazo huzitupa. Zinazotupwa haziwekwi popote. Mvua inayonyesha, vumbi la uwanjani, majani ya migomba yanayotikiswa na upepo na vitenge vya maua madogo madogo ndivyo huumia kwanza, kwa kuwa humo kila kitu husogea na hakuna kinachojirudia.

Hesabu huonyesha ukubwa wa kinachoondoka. Diski ya gigabaiti 4.7 yenye video ya saa mbili hutumia takriban megabiti 5.2 kwa sekunde. Ikigeuzwa kuwa MP4 ya gigabaiti 1, hubakiwa na megabiti 1.1 hivi kwa sekunde. Sehemu ya punguzo hilo ni werevu wa H.264, ambayo huieleza picha ileile kwa maneno machache kuliko MPEG-2. Sehemu nyingine ni hasara tupu.

Neno linaloifaa hali hii liko mashineni, palipo na mahindi. Kukoboa hutoa ganda na kiini, na unga unaopatikana ni sembe: mweupe, laini, unaopendwa na wengi. Anayetaka dona hawezi kuipata kwa kuirudisha sembe mashineni. Lazima awe amehifadhi mahindi. Ile folda ya VIDEO_TS ni mahindi yenyewe, na MP4 ni sembe. Haipendekezwi hapa kwamba watu waanze kusema video imekobolewa, ingawa wangesema hivyo wangekuwa karibu zaidi na ukweli kuliko sasa. Kubana limeshakita mizizi na halitang'oka. Linachohitaji ni kivumishi au kielezi cha kuliongoza: kubana bila kupoteza kwa ZIP na zinazofanana nayo, na kubana kwa kupoteza kwa video, picha na muziki. Mwandishi wa maelekezo kwa umma anaweza kutumia kupunguza, kitenzi ambacho hakina ahadi yoyote ya kurudi.

Kiasi cha hasara hakiamuliwi na fundi peke yake. Katika HandBrake kuna kipimo cha ubora kiitwacho RF, ambacho namba yake ikiwa ndogo ubora huwa mkubwa na faili huwa zito. Kwa DVD namba kati ya 18 na 22 hutosha. Fundi anayetaka kumaliza haraka na kujaza harusi kumi kwenye flashi moja hupanda juu zaidi. Ukubwa wa picha wa PAL, 720 kwa 576, uachwe ulivyo, kwani kuukuza hakuongezi kilichokosekana. Kamera nyingi za zamani zilirekodi kwa mistari ya kupokezana, ya witiri na ya shufwa, na isiposhughulikiwa wakati wa kugeuza, mtu anayecheza huonekana ana meno ya kitana pembeni mwa mwili. Programu ina kichujio cha kuliondoa hilo. Kuomba kitumike ni haki ya mteja.

Kuna sababu ya kutoiamini diski peke yake. DVD za viwandani hugongwa kwa kalibu, lakini za harusi na kwaya huchomwa, na kwa mara moja lugha ya mtaani imesema sawasawa na fizikia: mwale wa leza hubadili kwa joto tabaka la rangi lililo ndani ya plastiki, na alama zinazobaki ndizo habari. Rangi hiyo hufifia, hasa ikiachwa juani. Mwenye diski ya zamani anahitaji vitu viwili, wala kimoja hakichukui nafasi ya kingine: nakala kamili ya folda, iliyohifadhiwa katika diski kuu ya kompyuta au flashi kubwa, na faili lililopunguzwa kwa ajili ya simu na kwa kuwatumia ndugu. Faili hilo likitumwa kwa WhatsApp kama video ya kawaida hubanwa tena, na hasara ya pili hukaa juu ya ya kwanza.

Kwa hiyo agizo linaloweza kupelekwa dukani bila utata ni hili: "Naomba uninakilie folda yote ya DVD hii kama ilivyo, kisha unigeuzie nyingine kuwa MP4 iliyopunguzwa kiasi." Na anayepokea akiona faili moja tu kwenye flashi, aulize kabla ya kuondoka: "Nakala kamili iko wapi?"