Shahidi Mkweli Aweza Kukosea

Wahenga walisema, "Wengi wape." Usemi huo wafaa sana mkutanoni, penye kupiga kura, lakini mahakamani waweza kumfunga mtu asiye na hatia.

Tukumbuke yaliyompata Adolf Beck, Mnorwei aliyekuwa akikaa London. Mwezi wa Desemba 1895 mwanamke mmoja alimsimamisha njiani, akidai kuwa ndiye aliyemlaghai na kumwibia vito vyake. Polisi wakaita wanawake wengine waliotapeliwa vivyo hivyo, nao wakamwonyesha kidole mmoja baada ya mwingine. Polisi waliamini kuwa huyo ndiye laghai aliyefungwa kwa makosa kama hayo mwaka 1877. Wakili wake alitaka kuthibitisha kuwa mwaka ule Beck alikuwa Peru. Jaji akakataa kuupokea ushahidi huo. Machi 1896 alihukumiwa kifungo cha miaka 7. Alitoka mwaka 1901, na mwaka 1904 akatiwa hatiani tena kwa mashtaka ya namna ile ile. Alipokuwa akingoja adhabu, laghai mwenyewe akakamatwa. Beck akapewa msamaha wa Mfalme, kwa makosa asiyoyatenda!

Tusidhani kuwa wanawake wale walisema uwongo. Waliapa kwa moyo safi, na hapo ndipo penye hatari. Mwongo aweza kubabaishwa na maswali ya wakili. Lakini mtu aliyekosea kwa nia njema habababiki, kwa kuwa aamini kila neno alisemalo.

Msiba huo ulikuwa mojawapo ya sababu zilizofanya Bunge la Uingereza, mwaka 1907, litunge sheria ya kuanzisha mahakama ya rufani za jinai. Tena mwaka 1976 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Widgery, iliweka kanuni. Kule, katika kesi kubwa, hatia huamuliwa na juri, yaani raia 12 waliochaguliwa, nao huongozwa na jaji katika sheria. Kesi ikitegemea macho ya mashahidi, naye mshtakiwa akana kuwa ni yeye, jaji hana budi kuionya juri kuwa shahidi wa kuaminika aweza kukosea, na hata mashahidi wengi waweza kukosea pamoja. Nao wapime: Shahidi alimwona mtu kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Alipata kumwona kabla ya siku ile? Hata ndugu na rafiki hufananishwa kimakosa. Na ushahidi wa macho ukiwa dhaifu, bila jingine la kuutegemeza, jaji huiondoa kesi mikononi mwa juri.

Huku kwetu juri haikuwa ya kila mtu. Katika Kenya ya mkoloni, Mzungu alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika aliwekewa washauri wa baraza, ambao jaji hakulazimika kuyafuata maoni yao. Lakini onyo juu ya macho halina rangi. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kuwa mtu asitiwe hatiani kwa ushahidi wa kutambuliwa kwa macho mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa. Kwa hiyo jaji au hakimu hapana budi ajionye mwenyewe, na akiyapuuza hayo, rufani yaweza kuitengua hukumu yake.

Ndugu msomaji, huenda siku moja ukaitwa kutoa ushahidi. Sema ulichokiona, usichokiona usikiongeze. Na usikiapo barabarani kelele za "Mwizi!", kumbuka kuwa pale hakuna jaji wa kumwonya mtu, wala hakuna rufani.

Kumwachia mwenye hatia ni hasara. Kumfunga asiye na hatia ni hasara mbili: mwema yumo gerezani, na mwovu yu nje akitafuta wengine wa kuwaibia.