Sura ya Sita: Kiti Hakiendi Chenyewe

Katika michezo yote niliyoieleza humu hakuna uliozungukwa na dhana potofu kama mbio za viti vya magurudumu, na kwa hiyo sina budi, kabla ya kusimulia kazi ya mwanariadha niliyemchagua, kuufagia uwanja kwanza. Nimeazimu kuigawa sura mafungu matatu, yaani kiti, mwili na maisha; tutaona kama kalamu itaridhia.

Kuna wanaodhani kuwa kiti cha mashindano ni ndugu wa ile baiskeli ya matairi matatu, ya kuzungushwa kwa mikono, tunayoiona kila siku katika mitaa ya Dar es Salaam ikipita na mwenyewe na mizigo yake. Baiskeli ile ina mnyororo na pedali. Kiti cha mbio hakina mnyororo wala gia, na kanuni hazikiruhusu chombo chochote cha kuzidisha nguvu za mkono: kina magurudumu makubwa mawili yaliyoinamishwa kuelekea ubavuni, gurudumu dogo moja lililotangulia mbele mwisho wa bomba refu, na uzito wa kilo 10 hivi, naye mwenyewe aghalabu hupiga magoti ndani yake, kifua kimeinamia mapaja.

Wengine hukosea kwa upande wa pili, wakasema kuwa kiti ndicho kikimbiacho na mtu ni abiria tu. Hawa hunitolea hoja ya saa: Marcel Hug wa Uswisi alimaliza marathoni ya Oita, huko Japani, mwaka 2021 kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 47, ilhali Kelvin Kiptum wa Kenya, alipoushangaza ulimwengu kwa miguu yake huko Chicago mwaka 2023, alitumia saa 2 na sekunde 35. Nami huwajibu kwa mita 100. Usain Bolt alizikimbia kwa sekunde 9.58, na mwenye kiti aliye hodari kabisa hutumia zaidi ya 13. Kingekuwa kinakwenda chenyewe, mbona kinaachwa?

Kinaachwa kwa sababu mkono hausukumi tairi, bali husukuma ringi ndogo iliyofungwa ubavuni mwa gurudumu, ambayo kipenyo chake hukaribia nusu tu ya kipenyo cha gurudumu lenyewe. Na ringi ndogo ni nzito mno wakati wa kuondoka, lakini mwendo ukishachanganya huzaa kasi ambayo ringi kubwa haiipati abadan. Na hapa msomaji aniwie radhi, maana nimefika nipendapo. Mkono haushiki ringi, huipiga. Ngumi hufungwa ndani ya glavu ngumu ya plastiki, iliyofinyangwa kwa umbo la kiganja cha mwenyewe, kisha hushuka kutoka usawa wa bega, na yapasa iwe imekwisha kufikia kasi ya ringi kabla ya kuigusa, kwani ikigusa ikiwa na kasi ndogo kuliko ringi, mwenyewe amejifungia breki. Ikishagusa, mbele kidogo ya kilele, huiandama ringi hadi karibu na chini kabisa, ikaachia kwa mkupuo wa kifundo cha mkono, na kiwiko kikapanda nyuma juu ya mgongo tayari kwa pigo jingine. Mpira wa glavu juu ya mpira wa ringi hutoa mlio mfupi, mkavu. Ukisikia mkwaruzo, ujue nguvu imemwagika. Siku ya mvua mpira huteleza, na wanariadha hupaka gundi nzito ili pigo lishike. Na katika kona ya kiwanja hawageuzi gurudumu la mbele kwa kulishika, bali hukipiga kofi kijiwenzo kilichotegwa kabla kwa pembe ya kona ile, na wakitoka konani hukipiga tena lirejee kunyooka, yote hayo katikati ya mapigo mawili. Waalimu wa semina za hamasa, wanaotufundisha kuwa ushindi ni nia tu, wangekaa kitini humo dakika tano wakajua kama nia hugeuza kona.

Fungu la mwili limekwisha kuliwa na ringi, basi niseme kwa mkato kuwa wanariadha hupangwa kwa madaraja, na kwamba aliye katika T53 ana mikono timamu lakini hakitawali kiwiliwili chake, ilhali wa T54 hukitawala kwa kiasi au chote.

Wa T54 ndiye mwanariadha niliyemchagua, Tatyana McFadden, aliyezaliwa mwaka 1989 katika mji ulioitwa Leningrad siku hizo, akiwa na mgongo wazi. Huku kwetu bado wapo wasemao kuwa mtoto wa namna hii ni laana, au ni kisasi cha mizimu, na Anne Wafula Strike, aliyeshindania Kenya katika Paralimpiki ya Athens mwaka 2004, amesimulia jinsi polio yake ya utotoni ilivyofanywa na majirani kuwa laana ya nyumba nzima. Huu ni upuuzi, na upuuzi wenye madhara. Mgongo wazi hutokea kijusi kisipojifunga uti katika wiki nne za mwanzo za mimba, na dawa ya foliki asidi kwa mama hupunguza hatari yake. Polio ni virusi, na ina chanjo.

Tatyana aliwekwa katika nyumba ya watoto yatima isiyokuwa na kiti cha kumpa, akatembea kwa mikono hadi umri wa miaka sita, alipochukuliwa na mama Mmarekani akalelewa Maryland. Wapenda miujiza hunena kuwa hapo ndipo Mungu alipomlipa mabega. Mabega, naam, lakini mapigo alifundishwa, na miaka ya Chuo Kikuu cha Illinois chini ya kocha Adam Bleakney ndiyo iliyoyanoa.

Kabla ya hapo shule yake ya sekondari ilimtaka akimbie peke yake, wenzake wakisha kumaliza, kwa kisingizio cha usalama. Alikwenda mahakamani mwaka 2006 asidai hata senti moja ya fidia, akapata haki yake, na mwaka 2008 jimbo likatunga sheria. Watu huisoma kesi ile kama habari ya huruma, nami naiona kuwa habari ya ufundi: akimbiaye peke yake hajifunzi kujikinga upepo nyuma ya mwenziwe, wala kujua saa ya kuchomoka.

Ujuzi huo ndio uliompa mwaka 2013 medali sita za dhahabu katika mashindano ya dunia huko Lyon, kuanzia mita 100 hadi 5000, na mwaka huo huo ushindi wa marathoni za Boston, London, Chicago na New York, jambo ambalo hakuna mtu, mwenye ulemavu au asiye nao, aliyepata kulitenda kabla yake. Wanaokimbia kwa miguu hawachanganyi mita 100 na marathoni. Wenye viti huweza, kwani kiti huendelea kubingirika baina ya pigo na pigo, kundi hugawana upepo, na kilomita 42 mara nyingi huamuliwa na mapigo machache ya mwisho. Katika Paralimpiki ya Rio mwaka 2016, baada ya saa 1, dakika 38 na sekunde 44, yeye na Zou Lihong wa China waliandikiwa muda ule ule. Dhahabu ikamwendea Zou.