Mbegu ya INERA ifike shambani kwetu: koperative ifanye nini?



Kila msimu ni vile vile. Mvua ya Septemba inakaribia, mbegu ya nyumbani imekwisha kuliwa, na mama anaenda sokoni kununua maharagi ya kupanda. Anachagua yale yenye kung'aa. Baada ya siku kumi, nusu haijaota. Yale yaliyoota, majani yanajikunja, na maganda yanatoa madoadoa meusi. Udongo hauna kosa. Maharagi hayo yalivunwa kwa kuliwa, na ugonjwa ulikuwa ndani ya mbegu toka mwanzo.

Na tena, pale Mulungu, teritware ya Kabare, stasioni ya INERA inafanya utafiti juu ya maharagi: mafupi, yale yenye kupanda juu ya miti, na yale yenye chuma nyingi yanayosaidia wenye upungufu wa damu. INERA ni ya serikali. Ilirithi kazi ya INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933. Kama mbegu nzuri iko, kwa nini haifiki kwetu?

Sababu ni hii: stasioni ya utafiti haiwezi kugawia vijiji vyote mbegu. Inatengeneza mbegu ya kwanza, ile inaitwa pre-baze na baze, na kiasi chake ni kidogo. Lazima mtu mwingine aizidishe. Kilo moja ya maharagi, ikitunzwa vizuri, inaweza kutoa karibu kilo kumi. Hapo ndipo koperative inaingia: kuwa mkono kati ya labo na shamba, na kupata feza kwa kazi hiyo.

Njia ni tatu:

1. Shamba la majaribio. Watafiti wanaleta aina mbalimbali, sisi tunatoa udongo na kazi. Wakati wa kuvuna, walimaji wenyewe wanasema ipi imezaa, ipi inaiva haraka jikoni, ipi soko linataka.

2. Kuzidisha mbegu. Koperative inanunua mbegu ya baze na kujiandikisha kwa SENASEM. Wakaguzi wanatembelea shamba, kisha sampuli inaenda labo: wanaangalia kama mbegu inaota, kama ni safi, kama imekauka. Ikipita, inapewa etiketi. Ikikosa, inabaki maharagi ya chungu.

3. Kulipa huduma ya labo, kwa mfano kupimisha udongo mbele ya kununua mbolea.

Mtu atauliza: "Na siye tuko wadogo, watatupokea?" Mlimaji mmoja mwenye kilo mbili ni vigumu kumfuata. Watu thelathini wenye shamba moja, komite moja na kitabu kimoja cha hesabu, mkaguzi anaweza kuwafikia kwa safari moja.

Lakini tusijidanganye. Njia ya pili ndiyo inaleta feza, na ndiyo inaweza kutuumiza. Tuseme tumepanda ektari moja kwa kilo 80 za baze, tukavuna kilo 800. Labo inakataa, kwa sababu aina mbili zilichanganyika wakati wa kupiga maharagi. Tulinunua kwa bei ya mbegu. Tutauza kwa bei ya chakula. Nani anabeba hasara? Kama hakuna kontra, ni mlimaji.

Kwa hiyo, mbele ya kushika jembe, kontra ijibu maswali haya:

- Mbegu ya baze itafika tarehe gani? Ikifika mvua imekwisha kuanza zamani, tunafanya nini?
- Nani analipa ukaguzi, labo na usafiri wa mkaguzi?
- Nani atanunua, kilo ngapi, kwa bei gani?
- Mbegu ikikataliwa, hasara inagawanywa namna gani?
- Msimu unaofuata, tuna ruhusa ya kuzidisha tena aina ile?

Kwa upande wetu kuna kazi pia. Shamba lisiwe lile la maharagi ya msimu uliopita. Miche yenye ugonjwa ing'olewe na kuondolewa shambani. Kila aina ipigwe na kuwekwa peke yake. Na mbele ya kupeleka sampuli, tujipime wenyewe: chukua mbegu 100, zifunge katika kitambaa chenye maji kidogo, kisichokauka, na uhesabu baada ya wiki moja. Kama zilizoota hazifiki 80, tujue kuna shida.

Katika mkutano ujao, chagueni watu wawili, mmoja awe mama, kwani akina mama ndio wanajua mbegu ya nyumbani. Waende Mulungu, au stasioni ya INERA iliyo karibu nanyi, na maswali haya mkononi. Wasingoje mvua. Mbegu ya msimu B inaulizwa wakati ya msimu A ingali shambani.